Diwani Asiyekula kwa Watu

Ma Celina alimimina punje za kahawa kwenye kiganja cha mke wangu, akabaki amesimama akisubiri. Kwetu mgeni hupewa kahawa ya kutafuna kabla ya maongezi yoyote. Judica alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa Kihaya, akafumba kiganja. Mkono ukaingia chini ya kitenge, na ulipotoka ulikuwa mtupu.

"Hutafuni?" aliuliza Ma Celina.

"Nitatafuna njiani, mae. Meno yananisumbua."

"Yanayokusumbua hapa, njiani yatakuwa yamepona?"

Judica alicheka. Ma Celina hakucheka. Alinigeukia mimi, akanitazama kama mtu anayemtazama mwenye mbwa baada ya kubwekewa. Mimi nilitafuna zangu. Zilikuwa kavu, chungu, zenye harufu ya majani yaliyochemshwa pamoja nazo, na hazikuwa na kitu kingine chochote.

Mke wangu alikuwa diwani wa kata yetu, pale mji wa Bukoba unapoanza kuingiliana na migomba. Miaka mitano alikuwa ameifanya kazi ile kwa miguu yake. Mfereji uliokuwa ukimwaga maji ya mvua ndani ya nyumba za watu ulizibuliwa na kujengewa kwa sababu yake. Sasa alikuwa akiomba arudishwe, na kikwazo kilikuwa kura za maoni ndani ya chama. Akipita hapo, yaliyobaki yangekuwa mepesi. Wapiga kura walikuwa wajumbe wa chama katika kata, watu tunaowajua kwa majina na kwa magonjwa yao, na mgombea huwafuata nyumbani. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwendesha kwa pikipiki, nikisimamisha uani na kungoja tuitikiwe "Nyegera waitu", yaani karibuni, kabla hajashuka.

Mpinzani wake mkubwa aliitwa Privatus Kashaija, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa sauti ya chini. Hakuwahi kumsema Judica vibaya. Hilo peke yake lilitosha kuniweka macho.

Neno lililomfanya afiche kahawa lililetwa na Derick, mtoto wa kaka yake Judica, aliyekuwa akitusaidia kampeni. Alitufuata Jumapili baada ya ibada, akatuvuta pembeni ya ukuta wa kanisa.

"Shangazi, usile kwa watu," alisema. "Usile, usinywe, usitafune. Kuna kitu wamekuandalia."

"Nani?"

"Sijaambiwa nani. Nimeambiwa kipo."

"Umeambiwa na nani?"

Derick aliangalia viatu vyake. "Mtu ambaye hawezi kukutakia mabaya, shangazi. Niliapa kutomtaja."

Kwa mtu mwingine ungekuwa uvumi wa uchaguzi, wa kusikia na kusahau. Lakini baba yake Judica, mzee Kahangwa, alikuwa kiongozi wa kijiji kule Muleba, na alirudi kutoka kwenye karamu ya ubatizo akiwa amejishika tumbo, asifike asubuhi. Daktari alisema utumbo ulijisokota. Ukoo haukukubali. Judica alikuwa darasa la nne. Yeye ndiye aliyeshika beseni. Katika miaka yote ya ndoa yetu alinisimulia mara moja tu, na alipomaliza aliniomba nisimuulize tena.

Kwa hiyo tulianza kubeba maji yetu. Alikula nyumbani kabla ya kutoka, na kila tulikokaribishwa alikuwa na sababu: amekula sasa hivi, tumbo limejaa gesi, daktari amemkataza. Bi Hafidha, ambaye nyumba yake ndiyo iliyokuwa ikijaa maji kabla ya mfereji kujengwa, alitupikia pilau. Alitandika mkeka mpya. Judica akasema amefunga.

"Siku hizi Walutheri mnafunga Jumanne?" aliuliza Bi Hafidha.

"Nafunga kwa ajili ya uchaguzi."

Bi Hafidha alifunika sahani polepole. Alitusindikiza hadi barabarani kwa heshima zote, na heshima ile ilikuwa baridi kiasi kwamba nilisahau kuvaa kofia ngumu.

Haikuchukua muda. Fundi aliyekuwa akiziba pancha yangu aliniuliza, bila kuinua kichwa, kama ni kweli mheshimiwa anawaona watu wa kata hii ni wachawi. Kwetu ukikataa chakula cha mtu bila sababu, umeshamwambia unachomfikiria. Judica alikuwa amewaambia wajumbe wake, nyumba baada ya nyumba.

Nilimweleza. Nilimsihi atafune japo punje moja, mbele ya watu.

"Punje moja ndiyo inayohitajika," alijibu.

Na mimi pia nilianza kubadilika, siwezi kukataa. Nilijikuta nikitazama mikono ya watu wanapomimina chai. Mjumbe akisema "Sisi tuko na nyie," nilijiuliza kwa nini amesema "nyie" badala ya "wewe, mama". Kashaija alipotupungia mkono mbele ya duka lake nilitafuta maana ya vidole. Nyumbani, Judica alimwachisha kazi dada wa jikoni, msichana tuliyekaa naye tangu Renatha wetu ananyonya. Akawa anapika mwenyewe na kufunga jiko kwa kufuli.

Kisha asubuhi moja nilimchemshia chai, kwa kuwa alikuwa amekauka sauti kwa mikutano. Niliweka kikombe mbele yake. Alikitazama, halafu akanitazama mimi.

"Anza wewe, Baba Renatha."

Nilidhani ni utani. Macho yake hayakuwa na utani. Nilikunywa mafunda mawili, nikakirudisha mezani. Akasubiri kidogo, ndipo akanywa.

Siku ya kura, ukumbi ulijaa wajumbe chini ya feni moja mbovu. Judica alijieleza vizuri kuliko wote. Hata wapinzani walikubali. Kisha zikaja dakika za maswali, na Ma Celina akasimama akijishikilia kwenye kiti cha mbele.

"Mheshimiwa, mimi sina swali la barabara," alisema. "Nataka kujua, tukikurudisha, utakuja kwetu kama mgeni au kama mtu anayepita kwa wauaji?"

Judica alifungua mdomo. Nilijua kwamba kama angesema habari ya baba yake, wanawake wa ukumbini wangelia naye na kumsamehe hapo hapo. Lakini alisema, "Nawapenda wote," akakaa. Kashaija alishinda kwa wingi ambao hata yeye ulimwaibisha.

Nilikwenda Muleba wiki iliyofuata bila kumwambia. Derick alikuwa hatimaye amelegeza ulimi: aliyemtuma ni Vestina, dada mkubwa wa Judica. Nilimkuta kibanjani akikata majani makavu ya migomba. Alipoelewa nilichofuata, aliketi chini pale pale, na kisu mkononi.

"Shemeji, niliambiwa na mwanamke mmoja aliyekuja kununua ndizi. Joviana. Alisema wazi kwamba ni shemeji yake Kashaija, ila dhamiri inamsuta. Aliniuliza baba alikufaje. Nikamweleza yote. Alilia, shemeji. Alilia machozi kabisa. Ndipo akaniambia nimwonye mdogo wangu asile kwa watu, ila nisimtaje."

"Na akanunua ndizi?"

Vestina alifikiri. "Hapana," alisema. "Aliondoka bila ndizi."

Nilirudi nikiwa mwepesi, karibu kufurahi. Hapakuwa na sumu popote. Palikuwa na mtu aliyejua kwamba neno moja likipelekwa kwa mlango wa ndugu litafanya kazi yote. Nilimweleza Judica kila kitu nilichosikia, tukiwa tumekaa barazani, nikitegemea atalia au atatukana. Alisikiliza hadi mwisho, mikono imetulia mapajani.

"Umejuaje kwamba Vestina anasema kweli?" aliuliza.

"Ni dada yako."

"Derick pia ni mtoto wa kaka yangu."

Akawa anatazama barabara, ambako hakuna aliyekuwa akipita. Kisha akauliza kwa upole kabisa, "Na wewe, nani alikutuma Muleba?"

"Sikutumwa na mtu, Mama Renatha."

Aliitikia kwa kichwa na kutabasamu, kama alivyokuwa akimwitikia mjumbe aliyemwahidi kura.