Kinyozi wa Ng'ambo ya Ruvuma

Mwaka mzima Kajetani hakuguswa na wembe. Kwao mgane hajinyoi. Anayemnyoa ni mtu wa kwa mkewe, na huyo ndiye anayemfungua msiba. Sasa Biasha, mkewe, hakuwa na mtu Songea. Alivuka Ruvuma akiwa msichana, ndege za Wareno zikiwasha moto kijijini kwao, akapokelewa kambini Muhukuru pamoja na wakimbizi wenzake, akaolewa, akazeekea Mjimwema, hapo Songea. Kila aliposema aende akawatazame ndugu zake, vita. Vya Wareno vikaisha, wakubwa wakakoka vingine. Amani ilipokuja ilimkuta yuko kitandani.

"Kaka, watoto wa mtaani wanakuita Nabii Eliya," dada yake Walburga alimwambia. "Kaa hapa nikunyoe, yaishe."

"Wewe ni ndugu yake Biasha?"

"Mimi ni wifi yake."

"Basi kaa na wembe wako."

Si ubishi tu. Biasha alimwachia neno: "Mtafute kaka Daimu. Nataka mtu wa kwetu anililie."

Pikipiki alikuwa nayo. Ghala la tumbaku alilolinda ujana wake wote lilipouzwa kwa tajiri, wakubwa walisema fedha za walinzi hakuna, soko sasa ni huria. Yeye wakamsukumia Honda ya bwana shamba, kuku walikuwa wameigeuza kiota. Hicho ndicho kiinua mgongo chake, na mgongo wenyewe ulimuuma mpaka kivukoni Mkenda.

Mtoni, mvushaji mmoja aitwaye Muhsini alifunga mitumbwi miwili pamoja, wakailaza Honda juu yake.

"Mzee, na nywele hizo, ng'ambo watasema umetoka msituni na bunduki."

"Ndiyo naenda kunyolewa."

"Maskini! Songea yote hakuna kinyozi?"

"Wangu yuko huko."

Ng'ambo aliambiwa asiiache njia iliyokanyagwa, hata kwa haja ndogo. Vibao vya fuvu vilisimama kwenye nyasi kuwaonya watu kuhusu mabomu ya ardhini. Walioyatega wamo maofisini, wanakunywa chai. Akaenda polepole, na kila alipofika mahali Biasha alipopataja wakati akichambua mchele, alizima injini akavua kofia. Daraja lile lililopigwa, limepiga magoti mtoni kama ng'ombe mgonjwa. Kambi ya Wareno isiyo na paa, mipapai imeota vyumbani. Pango ambamo kina mama waliwaziba watoto midomo. Hapo alikaa kitambo. Mbele kidogo palikuwa na mnara mpya wa saruji, umeandikwa majina ya makamanda. La mama hata mmoja hakuliona.

Kijijini Lipembele alimkuta mzee wa mguu mmoja akisuka mkeka.

"Hodi. Namtafuta Daimu, kaka yake Biasha."

Mzee aliacha kusuka. "Daimu ni mimi. Biasha alikufa siku ya ndege. Kaburi lake lile pale. Wewe nani, unachezea jina la marehemu?"

"Mimi ndiye niliyemwoa."

"Ulioa jini, basi."

"Jini angejuaje kwamba ulimtuma arudi ndani achukue ungo wa unga, na ndege zimeshasikika? Alifika mlangoni akaogopa, akakimbilia mtoni. Mpaka anazeeka alikuwa akisema, kaka Daimu atanichapa, ungo sikuuleta."

Mzee aliusukuma mkeka kando. "Nilimtuma mimi," alisema. "Nyumba ikaungua. Tulizika tulichokikuta kwenye majivu. Mama amekufa juzijuzi tu, na tangu siku ile hakuniangalia usoni." Akamshika Kajetani mkono. "Aliishi?"

"Aliishi."

"Alizaa?"

"Msichana. Rosemary."

"Mvi alipata?"

"Kichwa kizima."

"Mvi!" Daimu alipiga kelele. "Zuhra! Mke wangu, njoo usikie! Biasha aliota mvi! Sikumuua!"

Zuhra alitoka mbio na vigelegele, vikadakwa nyumba ya pili, na ya tatu. Kuku akakimbizwa. Ngoma ikatoka chini ya kitanda cha mtu.

"Shemeji," Kajetani alisema, "nimeleta msiba. Amefariki mwaka jana. Nimekuja mumlilie, na mimi unifungue."

"Msiba wake tulishaufunga, shemeji. Hitima tulisoma, arobaini tulitoa, mama alilia mpaka akapofuka. Mtu haliliwi mara mbili. Kwetu leo amezaliwa!" Akazivuta zile ndevu, akacheka kwa machozi ya furaha. "Na shemeji mwenyewe ana ndevu kama shehe!" Kisha akauliza, "Aliondokaje?"

Jibu lilikuwa tayari. Mwaka mzima Kajetani alikuwa amelitafuna: benchi la hospitali, kikaratasi alichopewa akatafute dripu mwenyewe, kwa sababu serikali imeacha kutoa, duka hili hawana, duka lile limefungwa, na aliporudi nayo akakuta shuka limepandishwa usoni. Alitaka ndugu wa Biasha wayasikie hayo, waangue kilio kimoja kifike kwa wakubwa.

Akautazama uso wa Daimu, ulivyofunguka kama nyumba iliyoondolewa mlango.

"Alilala tu, shemeji. Nyumbani kwake. Usingizini."

"Alhamdulillahi," alisema Daimu.

Kajetani alikula kuku, akapiga makofi walipopiga wao. Asubuhi alisimama peke yake kwenye lile kaburi lisilo la Biasha, akawasha Honda.

Muhsini alimwona kwa mbali.

"Mzee! Kinyozi hukumkuta?"

"Nilimkuta."

"Mbona umerudi vilevile?"

Kajetani aliilaza pikipiki mtumbwini, akaishikilia isiteleze.

"Walikuwa na sherehe," alisema.