Funguo Tano za Mwenye Nyumba

Jabiri hakuwa mtu wa kupiga hodi. Tangu kaka yake Salumu azikwe, alikuwa akitoka Mwananyamala siku yoyote aliyojisikia, anafika Chanika, anachomeka ufunguo, huyoo ndani. Ufunguo wenyewe alipewa siku za msiba, watu walipokuwa wakiingia na kutoka na masufuria, na msiba ulipokwisha akajifanya amesahau kuurudisha. Mwajabu, mjane wa watu, alikuwa anatoka kuoga anamkuta sebuleni amekunja nne, au mbaya zaidi, chumbani, ameinua godoro.

"Natafuta chaja, mke wangu," anasema bila haya.

Chaja! Alikuwa anatafuta mkataba wa kiwanja, na Mwajabu alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Nyumba waliijenga wawili, kwa mshahara wa udereva wa marehemu na vitumbua vyake yeye, na mkataba ulikuwa na majina yao wote. Ulikuwa mmoja tu, ameufungia kwenye droo ya kabati. Ukipotea, linabaki neno lake peke yake mbele ya ukoo mzima, na ukoo ulishaanza kusema "nyumba ya kaka."

Ndiyo maana alipotoka eda, kitu cha kwanza alichokitafuta kilikuwa fundi wa vitasa. Kumpata wa kumwamini ilikuwa shughuli. Wa kwanza, pale sokoni, alimwambia huku anatabasamu, "Sista, mie nachongaga funguo moja ya ziada nabaki nayo. Ukipoteza unanipigia tu." Mwajabu alimshukuru, akaondoka nusura akimbie. Jirani yake, mwalimu Felicitas, ndiye aliyemwelekeza kwa mzee Suhaib wa Ubungo.

Mzee Suhaib alikuwa mkavu, hacheki. Alikuwa na utaratibu wake mmoja: funguo hukaa kwenye bahasha iliyogundishwa, na bahasha haifunguliwi ila mkononi mwa mwenye nyumba.

"Mie simpi funguo shangazi, simpi mpangaji, simpi jirani," alisema. "Hata mtu aje analia. Nampa mwenye nyumba, basi."

Mwajabu alimpenda hapo hapo.

Mzee alikuja Jumatano asubuhi. Aking'oa kile kitasa cha zamani alikitazama kwa dharau, akakitupa mchangani. Akabadilisha bawaba, akaweka komeo nene kwa ndani, kisha kitasa kipya chenye ndimi tatu zinazozama kwenye fremu ya chuma. Mwajabu alikaa pembeni akimwangalia, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alihisi njaa ya kweli.

Saa sita mchana Jabiri akatokea, ufunguo wake mkononi.

"Mke wangu! Leo umenipikia nini?"

Utani huo aliuanza enzi za kaka yake. Shemeji kumwita mke wa kaka "mke wangu" si jambo la ajabu, na Salumu alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi. Sasa ulimchefua Mwajabu. Lakini kitasa kilikuwa hakijakazwa. Nikimnunia atashtuka, akajiambia, acha nimchekee saa moja tu. Akajichekesha, akaitikia kama zamani:

"Karibu, mume wangu. Nyumba yako hii, unaulizaje?"

Alijiona mjanja. Maskini!

"Kitasa kilikuwa kibovu?" Jabiri akauliza.

"Kibovu kabisa."

"Umefanya la maana," akasema, akakaa kibarazani kwa utulivu. Utulivu huo peke yake ungetosha kumshtua mtu.

Kazi ilipokwisha, Mwajabu akatoka kwenda kwa wakala kumtolea mzee hela yake. Bahasha aliiona ndani ya mkoba wa fundi, imegundishwa vilevile. Na fundi si ndiye yule asiyempa mtu? Akaenda bila wasiwasi.

Aliporudi, mlango ulikuwa umefungwa. Mzee Suhaib alikuwa anakusanya bisibisi zake.

"Funguo zangu ziko wapi, mzee?"

"Zote tano nimemkabidhi mumeo. Kafungua bahasha mwenyewe. Kaingia kujaribu komeo."

"Yule si mume wangu! Yule shemeji! Mume wangu alikufa!"

Mzee akamtazama, akatikisa kichwa. "Mama, nimekusikia kwa masikio yangu haya. Umemwita mume wangu, ukamwambia nyumba yake."

"Ulikuwa utani, mzee wangu!"

"Miaka thelathini niko kwenye vitasa. Kila mke akigombana na mumewe ananiambia yule si mume wangu."

Uso wa Jabiri ukajitokeza dirishani, nyuma ya nondo. "Msamehe, mzee. Tumekorofishana tangu asubuhi. Ni ishu ya ndani tu."

Mwajabu akageuka kutafuta shahidi. Felicitas alikuwa shuleni. Viwanja vingine vyote vilikuwa na maboma matupu yaliyoota majani. Akaushika mkono wa mzee, machozi yanamtiririka.

"Fungua, nakuomba. Si wewe uliyekiweka hiki kitasa?"

"Ndiyo maana sikifungui. Si nilikwambia? Hata mtu aje analia."

Akautoa mkono wake, akaunyoosha tena, kiganja juu. Mwajabu, hata hakujua kwa nini, akamwekea hela yake. Mzee akashukuru, akapanda bodaboda, akaenda zake akiwa na moyo mweupe.

Mwajabu akausukuma mlango kwa bega. Haukutikisika. Kazi ilikuwa safi, asingeweza kuitoa kasoro. Aliuchukia ulimi wake mwenyewe kuliko alivyowahi kumchukia Jabiri.

Mwishowe akagonga.

"Hodi," akasema, mlangoni kwake.

"Karibu, mke wangu," Jabiri akajibu kutoka chumbani, na Mwajabu akasikia droo ya kabati ikivunjwa.