Dume la Chama

Chama chetu cha vijana wafugaji kilianzia kwenye stoo ya shule, katikati ya madawati mabovu. Tulikuwa saba, wote tumemaliza masomo na kurudi kwa wazazi mikono mitupu. Kaka yangu, ambaye kila mtu alimwita Fundi kwa kuwa hapakuwa na kitu asichojaribu kukitengeneza, alichaguliwa mwenyekiti. Mimi nikapewa ukatibu, eti mwandiko wangu unasomeka.

"Ng'ombe wa lita mbili za maziwa atatuzeesha kabla ya wakati," Kaka alisema siku ile. "Tutafute mbegu bora."

Tulicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Kwa miaka mitatu alizunguka zizi hadi zizi akipima vifua vya ng'ombe kwa utepe wa mshona nguo, akiandika nani kazaliwa na nani. Nikikosea ukoo wa ndama mmoja, ananifokea kama nimemtukania mama. Mwaka wa nne tulifika wanachama thelathini na mmoja, tukaamua kununua dume moja bora la kuhudumia mazizi yetu yote.

Kaka alilipata kwenye shamba moja lililokuwa linafungwa. Lilikuwa jekundu, shingo nene, limetulia kama mzee anayesikiliza redio. Daktari wa mifugo alilizunguka mara mbili.

"Zuri," alisema. "Lakini mlitenge. Nichukue damu, tusubiri majibu wiki tatu."

"Wiki tatu, daktari? Ng'ombe wangapi watakuwa wameshapitwa na joto la kutaka dume?" Kaka aliuliza. "Dume lenyewe si unaliona? Lina ugonjwa gani hili?"

Tulipiga kura, tusubiri au tusisubiri. Mikono yote ilinyanyuka kumuunga mkono Kaka, na wangu ukiwemo.

Miezi ikapita kwa furaha. Kisha ng'ombe wa muuza mkaa akatupa mimba ya miezi saba. Tukasema labda kaanguka. Wiki iliyofuata akatupa wa kwetu, asubuhi, Kaka akiwa safarini. Kondo la nyuma likagoma kutoka. Wifi yangu, mkewe Kaka, akakunja mikono ya gauni. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, ya kwanza baada ya miaka sita ya kungoja.

"Wifi, acha. Tumwite daktari," nilisema.

"Mpaka afike, huyu ameshaoza. Shika mkia." Akaingiza mkono mtupu hadi kwenye kiwiko, huku akinicheka nilivyofumba macho. "Siku yangu ikifika utashika mkono wangu, tena macho wazi. Leo anza na mkia."

Mwezi haukuisha akashikwa na homa. Kila jioni jasho linamlowesha, viungo vinauma, asubuhi anaamka kama hana kitu. Zahanati walimpa dawa za malaria mara mbili. Mara ya tatu tulimpeleka hospitali akiwa anavuja damu, na mtoto hakuwa hai. Nilimshika mkono. Macho sikuweza kuyafumbua.

"Nyumbani mnafuga?" daktari wa wodi alimuuliza Kaka.

Kaka alijibu ndiyo, kisha akakaa chini pale pale sakafuni.

Safari hii damu ilichukuliwa kwa ng'ombe wote. Ulikuwa ugonjwa wa kutupa mimba, ule unaomwambukiza hata mtu akishika kondo kwa mkono mtupu: dume lilikuwa nao, na ng'ombe kumi na tisa. Wote ilibidi wachinjwe na kufukiwa. Tulitaka kupeleka habari kwa barua ya chama, Kaka akakataa. Alikwenda mlango kwa mlango, mimi nikimfuata.

"Ni mimi niliyekataa kusubiri," aliwaambia.

"Tulipiga kura," nilimwambia njiani.

"Mliangalia uso wangu, mkainua mikono."

Muuza mkaa alikuwa na ng'ombe mmoja tu. Hakugomba. Alimfungua, akampa Kaka kamba. "Mtoe mwenyewe," akasema, akaingia ndani.

Wifi alipona kwa dawa za wiki nyingi. Hakumlaumu mumewe hata siku moja, na nadhani hilo ndilo lililomkondesha Kaka. Hawakupata mtoto mwingine. Kaka alijiuzulu, akauza majembe na ndoo za zizini, akafungua karakana ya kuchomelea mageti.

Tulibaki wanachama kumi na mmoja. Tulianza upya polepole, na hakuna mnyama anayeingia kwetu bila kupimwa. Leo tuko zaidi ya mia, na wengi hawajui tulikotoka. Ndiyo maana mwaka huu nilikwenda karakana kumwomba Kaka azungumze na wanachama wapya.

"Wasikie nini kwangu?" aliuliza, miwani ya kuchomelea ikiwa bado usoni.

"Yaliyotokea."

Wifi, aliyekuwa akipaka rangi geti, akaweka brashi chini. "Nitakwenda mimi," alisema.

Akaja kweli. Alisimama mbele ya vijana wale akawaeleza yote, hata mkono mtupu, hata mtoto, sauti haitetemeki. Kaka naye alikuja, akaketi nyuma kabisa. Walipoanza kuuliza maswali kiti chake kilikuwa kitupu. Nilimwona kupitia mlangoni, yuko nje bombani, ananawa uso, maji yanamwagika tu.

Nilitaka kumfuata. Wifi alinijia pale mlangoni, akanishika bega.

"Mwache," alisema. "Ataingia akiweza."

Tulirudi ndani tukaendelea na kikao. Siku hiyo hakuingia.