Maji Chini ya Sakafu ya Mianzi

Maji yalikuwa yakimeremeta chini ya sakafu, nami nikiyatazama kwenye simu niliyoiegemeza kwenye birika, jikoni kwetu Thamesmead, mtaa wa Waingereza ulio kando ya mto. Sakafu ile ilikuwa ya mianzi iliyopasuliwa, na kila penye upenyo mto uling'aa. Kando ya jiko la kuni alikaa mama yake Jonali, katulia kama anayesubiri chai.

Jonali alikuwa mpangaji wetu, Mmising kutoka Assam, kule India, ambako watu wa kabila lake hujenga nyumba juu ya nguzo kwa sababu mto wao hauna adabu. Aliipenda fleti yetu tangu siku ya kwanza, kwa kuwa chini ni gereji tupu na vyumba vyote viko juu.

"Hata nyinyi mnauogopa mto," alitutania.

Mwaka ule maji yalipita kila alama. Mashua ya kuokoa watu ilikwisha kufika mlangoni, na kaka yake Jonali, aliyeshika simu upande wa pili, alikuwa akibembeleza. Bibi hataki kushuka.

"Kwa nini?" aliuliza mama yangu, Bi Sheikha.

Jonali aliinamisha kichwa. "Mashua haichukui nguruwe wake. Kawapandisha ndani, kawafunga nguzoni."

Nilifasiri kwa sauti ndogo. Mama yangu ni mtu wa Pemba. Neno lile hakutaka hata litajwe penye chakula. Alivuta mtandio wake, nami nikajua maskini Jonali kapoteza na chumba.

"Siku tuliyokimbia kutoka Wete," mama akasema, "nilimwacha ng'ombe wangu kambani. Mpaka leo namsikia."

Akaisogelea simu. "Mwambie awafungue, mwanangu. Awafungue, kisha ashuke. Aliyefunguliwa ana bahati yake."

Maneno yakapita kwenye Kiingereza changu, yakapita kwenye Kimising cha Jonali, yakavuka. Yule bibi alitutazama kitambo. Akachukua kisu, akakata kamba moja baada ya nyingine, polepole, akashuka mashuani. Nyumba ikabaki tupu, moshi bado ukipanda, na maji yakaanza kuchungulia mianzini. Nililia waziwazi.

Baada ya siku chache Jonali aliingia jikoni mbio: mamake yuko kambini, mzima, anagombana na wapishi.

"Alhamdulillahi," mama alisema. Akachovya mkate kwenye chai, asiule. "Na wale?"

"Mmoja karudi."

Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akainuka kwenda kutia udhu.