Kufungwa kwa Kisima cha Zamani

Hivi, wajukuu zangu, mmeshawahi kumwona mtu mzima akibembeleza bomba? Mimi nimemwona, naye ni babu yenu.

Huku tulikohamia, mbali na Dunia, udongo umeganda kama chuma. Uhai wetu ni mvuke unaopanda kutoka kwenye miamba ya moto huko chini: ndio unaowasha taa, ndio unaopasha vyumba. Babu yenu ndiye aliyechimba kisima cha kwanza. Pembeni yake, kwa lile joto, udongo ulikuwa laini, jembe linaingia. Ni pale tu tulipoweza kuzika. Shangazi yenu tulimlaza pale, hata hajang'oa jino la utoto.

Basi kisima kikachoka. Wakachimba kipya ng'ambo ya kilima, lakini vyote viwili vikawa vinanyonya joto lilelile, na chumba cha watoto wachanga kikawa baridi, nepi zinakauka zikiwa ngumu kama mbao. Ikabidi cha zamani kifungwe. Na desturi ya huku ni moja: aliyekifungua ndiye hukifunga.

Babu yenu akaanza visingizio. Mara spana imepotea, kumbe ameikalia. Mara mgongo. Vijana wa mitambo wakamtania:

"Mzee Bomba, unafunga kisima au unakiposa?"

"Nyie nanyi! Hata wa kuwaposa hamna!"

Wakacheka. Mimi sikucheka.

Baba yenu, ambaye ndiye msimamizi wa mitambo, akaja. "Baba, watoto wanakohoa."

"Nawasikia."

"Acha fahari, basi. Hakuna atakayesahau kwamba kisima ni chako."

Mzee akaniangalia mimi, kisha akashika gurudumu la koki kwa mikono miwili. Anazungusha, anapumzika, anazungusha. Ule mvumo tuliozoea kulala nao ukashuka, ukawa kama pumzi ya mgonjwa, ukakatika. Hakuna aliyepiga makofi.

Mzee akapiga magoti kwenye kaburi la shangazi yenu, akaweka kiganja kwenye udongo. Ulikuwa bado vuguvugu.

"Twende, mzee wangu," baba yenu akamshika mkono. "Baridi inaingia."

"Muda si mrefu jembe halitaingia hapa."

"Najua, baba."

"Hujui. Si fahari, mwanangu. Nilitaka nife kabla hakijafungwa, mnilaze hapa na mdogo wako."