Doa Lililotakiwa Kurudi

Shemeji yangu Hiram alikuja na lori kunihamisha kutoka Nyamasaria, akanikuta nimekaa uani na darubini. Nilikuwa nimeshamwambia: sipandi lori mpaka lile doa jeusi la jua lirudi. Akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Na atazame.

Doa lenyewe aliliona Gichuki, mume wangu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza redio, lakini kila asubuhi aliacha duka, akaielekeza darubini juani na kushika karatasi nyuma yake, mwanga wa jua ukaangukia hapo, mweupe, duara kama sahani. Siku doa lilipofika ukingoni na kupotea, aliniambia, "Wangu, jua linazunguka. Baada ya wiki mbili doa litatokea upande huu mwingine. Utaliona." Wiki haikuisha, moyo wake ukasimama, akaangukia meza yake ya redio.

Basi nikangoja. Jirani yangu Awuor aliniletea samaki, akanisihi nilie kama watu wengine. Sikulia. Nilikuwa na shughuli.

Asubuhi hiyo ya lori, wiki mbili zikiwa zimetimia, nikashika karatasi. Doa hakuna. Nilitaka kuivunja darubini ile! Halafu pale pale ukingoni, lilipopaswa kutokea, nikaona vialama vya mwanga, vyeupe kuliko jua lililovizunguka, vimetawanyika kama chumvi iliyomwagika. Nikadhani ni uchafu wa karatasi. Nikaisogeza, vikabaki na jua.

Gichuki alikuwa amenionyesha nguvu ya sumaku kwa kutumia ile ya spika mbovu, akinyunyiza unga wa chuma juu ya karatasi mpaka ukajipanga mistari. Alisema kila doa la jua limeshikwa na sumaku kali. Doa likifa, sumaku haiondoki mara moja. Hubaki vipande vipande, na pale ilipobaki jua hung'aa zaidi.

Basi vialama vile ndivyo mabaki ya doa letu. Furaha ikanishika, nikaita kwa nguvu, "Gichuki! Njoo uone!"

Dukani kimya. Hiram alikuwa amebeba godoro letu begani, akalishusha polepole. Kumbe siku zote zile nilikuwa nikimngoja yeye.

Hiram hakunihimiza. Mimi ndiye niliyesema, "Twende."

Karibu na Muhoroni trekta la miwa lilitufungia njia. Tukangoja, darubini mapajani mwangu. Ndipo Hiram aliponiuliza nilikuwa nimeona nini kwenye karatasi ile. Nikaanza kumweleza, na machozi yakaja.