Sikio la Kushoto

Picha ilipotokea kwenye kompyuta, Kiragu aliinuka akafunga mlango kwa komeo, halafu akabaki amesimama pale akijiuliza anamfungia nani. Chumba chake cha kazi kilikuwa juu katika jengo kuukuu karibu na Moi Avenue, kati ya fundi wa suti na daktari wa meno, na asubuhi ile hakuna mtu aliyekuwa na haja naye. Chini barabarani wachuuzi waliita bei za soksi. Huku juu, mikono yake ilikuwa imepoa kama ya mtu aliyetoka mtoni.

Kazi yake ilikuwa kuzipa uhai picha za zamani. Watu walimletea negativu za babu zao, zile filamu ambazo mtu mweusi huonekana mweupe na mbingu ikawa nyeusi tii. Yeye alizilaza juu ya sanduku la taa, akazipiga kwa kamera, kompyuta ikabadili weusi kuwa weupe, kisha akakaa kufuta vumbi na mikwaruzo moja moja. Kazi ya safari hii ililetwa na Krish wa Spring Valley, mtu wa maneno mengi na chai nyingi. Babu yake Krish alikuwa mpiga picha mjini enzi za Hali ya Hatari, wapigania uhuru walipokuwa wakisakwa. Wakoloni walimwajiri apige picha za vipande, vile vitambulisho vya lazima, kwenye viwanja vya ukaguzi, huko wanaume Wakikuyu walikokusanywa na kuchambuliwa kama maharagwe. Picha za vipande alizikabidhi. Nyingine alizipiga kwa kujiiba, akazitia katika mkebe wa biskuti, na mkebe ukakaa juu ya kabati hadi ukamwangukia mjukuu.

Hii ilikuwa mojawapo. Mbele ya safu ya wanaume waliochuchumaa alisimama gakunia. Hivyo ndivyo wazee wa Kinoo, kijijini kwao Kiragu, wanavyomwita hata leo, na wakilitaja jina hilo huteremsha sauti: mtu aliyevikwa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho, mtu wa nyumbani kwenu asiyejulikana ni nani. Ulipitishwa mbele yake. Akitikisa kichwa, umepona. Akikiinamisha, unapandishwa lori, na wako waliopandishwa wasirudi tena.

Gakunia huyu alikuwa ameshikwa na kiu. Alikuwa amelipandisha gunia upande mmoja apate kunywa maji. Kikombe kilificha mdomo na gunia likaficha macho. Kilichobaki wazi ni taya, shingo na sikio moja. Sikio hilo lilikuwa limekatika juu, kana kwamba mtu amelimega.

Kiragu alilijua. Alilelewa na babu yake, Guka Njuguna, tangu akiwa mdogo wa kubebwa mgongoni, na kutoka mgongoni ulichokiona ni sikio hilo. Guka husema alimegwa na mbwa wa mzungu akiwa mtoto wa kuchunga ng'ombe. Na huyo Guka ndiye anayeketi kiti cha mbele kanisani, ndiye anayeitwa kila Siku ya Mashujaa awaambie watoto wa shule namna alivyoteseka.

Akaketi. Akaikuza picha hadi sikio likajaa kioo kizima, na hapo ndipo alipoona kitu kilichomfanya acheke peke yake, kicheko kibaya cha mtu aliyenusurika kugongwa na gari. Lilikuwa sikio la kulia. La Guka ni la kushoto. Taya zinafanana, basi. Nusu ya Kinoo wana taya hiyo. Alifuta vumbi haraka haraka, akamtumia Krish picha zote kwa mpigo, akashuka kwenda kutafuta chai.

Krish alipiga simu hata chai haijapoa.

"Kiragu, bwana, umenichezea? Ile lori, maandishi yanasomeka kinyume. Umezigeuza zote."

Kiragu aliweka kikombe chini. Filamu ikizeeka hujikunja. Kwa hiyo Kiragu alikuwa na tabia yake: aliilaza kifudifudi, mgongo juu, kioo kilichowekwa juu yake kipate kuinyoosha, na mwisho wa kazi alizigeuza picha zote kwa pamoja, kulia kukawa kulia na kushoto kukawa kushoto. Miaka yote hakuwahi kusahau. Siku hii hofu ilimsahaulisha, kisha raha ikamsahaulisha zaidi. Sikio lile halikuwa la kulia hata kidogo.

Aliomba radhi, akasema atazirekebisha. Krish alicheka, akasema asijali, ila afanye upesi, kwa kuwa Jumamosi amealika wazee kutoka Kinoo na Kabete waje nyumbani kwake kunywa chai na kumtajia majina ya watu wa kwenye picha. Pasta wa Kinoo amemsaidia kuwapata. Kisha akauliza kama ni kweli mzee Njuguna ni babu yake, maana ni wa kwanza kwenye orodha.

Kiragu alirudi juu. Aligeuza picha ya lori. Aligeuza ya wanawake kwenye seng'enge, na ya askari aliyelala chini ya mti. Alipofika kwenye ya gakunia, kidole kilikataa. Picha hii haikuwa na maandishi, wala saa mkononi mwa mtu, wala kifungo cha shati cha kuisaliti. Hakutakiwa kufuta kitu wala kuongeza. Alitakiwa kuiacha tu ilivyo. Kazi ya kufuta angeiita uongo; hii hakujua aiite nini, na kutojua huko ndiko kulikompa ujasiri. Akaiacha.

Jioni alifika Kinoo na kumkuta Guka kibarazani, fimbo kati ya magoti. Alimzunguka kwa maneno: Spring Valley kuna baridi, picha zenyewe ni mbovu, Wahindi wale chai yao ina tangawizi nyingi itamchoma tumbo. Guka alimsikiliza hadi mwisho.

"Ni picha za ukaguzi?"

"Ndiyo, Guka."

"Na Wahu ameitwa?"

Shosho Wahu, bibi mzee, alikuwa jirani wa ng'ambo ya ua. Mumewe alichukuliwa na lori wakiwa wachanga kwenye ndoa. Tangu Kiragu apate akili, mama huyo hakuwahi kukanyaga kwao, si kwenye arusi wala matanga, na hakuna aliyewahi kueleza kwa nini. Kiragu alisema ameitwa.

Guka alitazama ua ule kwa muda. "Nisipoenda, watauliza kwa nini sikuenda," akasema. Kwa maneno hayo, tumaini la mwisho la Kiragu, kwamba labda kuna mwingine duniani mwenye sikio kama lile, lilimtoka. Alitaka kuuliza. Alimwogopa mzee kwa mara ya kwanza maishani, naye aliona kwamba mzee anamwogopa pia, wakakaa hivyo hadi wakaitwa kula.

Jumamosi, sebule ya Krish ilijaa wazee kwenye makochi yaliyowameza. Krish aliunganisha kompyuta ya Kiragu na televisheni kubwa ya ukutani, akamwachia kazi ya kupitisha picha. Watu walisogeza miwani. Walitaja majina, wakabishana, mzee mmoja wa Kabete alijiona mwenyewe akiwa kijana amechuchumaa akasema kumbe alikuwa mzuri hivi na hakuna aliyemwambia. Wakacheka. Kiragu hakuwa akisikia vizuri. Shati lilikuwa limemganda mgongoni, na kila picha aliyoipitisha ilimsogeza kwenye ile. Alikuwa amefikiria kuiruka. Lakini Krish alikwisha kuiona, na alikuwa akiisubiri kama mtoto anavyosubiri nyama.

Ilipotokea, wazee walisogeza vichwa mbele. Guka alikuwa amekaa pembeni kabisa, kofia ya sufu imemfunika masikio yote mawili.

Shosho Wahu aliomba ainuliwe. Alisaidiwa hadi mbele ya televisheni, akasimama karibu sana, mkono wake mkavu ukielea mbele ya kioo bila kukigusa.

"Siku hiyo nilikuwa pale kwenye seng'enge," akasema. "Nilikuwa nimemletea mume wangu viazi. Huyu akapandisha gunia akanywa maji. Uso sikuuona, niliona sikio. Limekatwa." Akakodoa macho kwenye kioo. "Miaka yote hii nimesema moyoni ni la kushoto. Lakini hili ni la kulia, ama ni macho yangu?"

Wengine wakamhakikishia ni la kulia, mama, hata kipofu ataona. Krish alisema kwa upole kuwa picha haidanganyi.

Wahu aligeuka. Alivuka sebule hatua ndogo ndogo, akikataa kushikwa, hadi kwenye kiti cha Guka, na hapo akaishika mikono yake miwili.

"Njuguna," alisema, "nimekuchukia kwa kitu ambacho hukufanya. Nilikataa kumpelekea mke wako uji alipokuwa anakufa. Nilikataza watoto wangu kucheza na wako. Unisamehe. Sitaki kufa nikiwa na hili."

Kiragu alimtazama babu yake. Aliomba, kwa nguvu zote za mtu asiyeomba sana, kwamba Guka aseme kitu, chochote, hata akohoe. Guka alikuwa amekodolea macho televisheni, anamwona yule kijana mwenye kikombe. Hakuna aliyemjua kijana yule kuliko yeye, na hakuelewa sikio limehamaje. Kisha macho yake yakashuka polepole yakamkuta Kiragu kwenye kompyuta, akaelewa.

"Nimekusamehe," Guka akasema.

Wazee wakashusha pumzi. Mtu alisema Bwana asifiwe. Shosho Wahu alianza kulia bila sauti, kichwa kimeinama juu ya mikono ya mzee, na Krish alikuwa akijipangusa macho kwa kitambaa cha meza.

Hofu aliyokuwa nayo Kiragu tangu siku ile ya komeo ilikuwa hofu ya kugunduliwa. Sasa iligeuka ikawa nyingine, na hii ilikuwa mbaya zaidi: aliona watakavyorudi Kinoo, Wahu akivuka ua na sahani ya chapati, Guka akipokea, akila, akishukuru, siku baada ya siku, na yeye Kiragu akiwa ameketi nao anamimina chai.

"Shosho," akasema. Hakusikika. Akasema tena. "Shosho, ni mimi niliikosea. Filamu niliilaza kifudifudi. Zingine nilizirekebisha, hii sikuirekebisha."

Krish aliuliza kwa sauti ya chini anasema nini. Kiragu hakumjibu, kwa sababu alijua akijibu atapata njia ya kuzunguka. Akabonyeza.

Kwenye ukuta yule kijana alihama. Kikombe kikaenda mkono wa pili, safu ya waliochuchumaa ikapinduka, na sikio lililomegwa likavuka kutoka upande mmoja wa kichwa hadi mwingine, likatulia mahali pake.

Shosho Wahu aliinua kichwa akatazama televisheni kwa muda mrefu. Kisha akamtazama Guka, ile kofia ya sufu, yale macho yaliyokuwa yamefumbwa. Guka alijaribu kuvuta mikono yake.

Wahu hakuiachilia. Aliikaza zaidi, vidole vyake vikazama kwenye ngozi ya mzee, akamsogelea uso kwa uso.

"Fumbua macho," akamwambia. "Niambie mume wangu alisema nini ulipomwinamishia kichwa."